Muziki wa simu kwenye gari la Japani: wauzaji na mafundi tuseme ukweli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika kutoka Japani huligundua wakiwa wameshalipa. Gari linawaka vizuri, kiyoyozi kinapuliza, lakini redio inakamata vituo viwili vitatu tu, na mwenye gari akitaka kusikiliza nyimbo zilizomo kwenye simu yake anaambiwa akanunue kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidude hicho, ambacho madukani Kariakoo huitwa modyuleta, kimekuwa jibu la kila swali. Mimi ni fundi wa redio za magari, na ninaandika kusema kwamba si jibu zuri, na kwamba mara nyingi ndani ya gari lilelile ipo njia bora ambayo hakuna aliyejishughulisha kuitafuta.

Chanzo cha tatizo kiko kwenye mpangilio wa masafa. Nchini Japani redio za FM zilipewa megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa eneo la 90 hadi 108 lilikuwa limetengwa kwa chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni ya analojia ilizimwa huko mwaka 2011, isipokuwa katika mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko na tsunami, ambako ilizimwa mwaka 2012, na baadaye redio zikaongezewa nafasi hadi megahezi 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari lililoundwa mwaka 2006 kwa ajili ya soko la Japani linateremshwa bandarini Dar es Salaam likiwa na redio inayokutana na vituo vyetu katika kipande cha megahezi mbili na nusu tu. Redio hiyo haina ubovu wowote, ila haikukusudiwa kusikilizwa huku.

Wengi hufungiwa ekspanda, yaani kijisanduku kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, ambacho hushusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Ikishusha kwa megahezi 16, kituo cha 98 husikika kwenye 82. Kwa taarifa ya habari na mpira inatosha, lakini redio yenye upana wa megahezi 14 haiwezi kubeba masafa yenye upana unaozidi 20, hivyo vituo vingine vitabaki nje daima, na katika jiji lenye mitambo mikubwa ya kurushia matangazo baadhi ya vituo hupenya vyenyewe na kukaa juu ya vile vilivyoshushwa.

Sasa mtu huyo aongezewe modyuleta. Kidude hiki huchukua sauti kutoka kwenye simu au flashi, huigeuza kuwa kituo kidogo cha redio, huirusha hewani, na antena ya gari, ambayo pengine iko juu ya paa au kwenye kioo cha nyuma, inatakiwa iidake, iipitishe kwenye ekspanda na kuirudisha kwenye redio iliyo karibu kabisa na mahali sauti ilipoanzia safari. Kabla ya kufika kwenye spika, muziki umeshapoteza mengi. FM yenyewe hukata sauti zote nyembamba zinazozidi kilohezi 15. Tena modyuleta nyingi zinazouzwa hurusha kuanzia 87.5 kwenda juu, kwa hiyo asiye na ekspanda analazimika kujibana kwenye kile kipande cha megahezi mbili na nusu, ambacho Dar es Salaam hakikosi wenyewe. Ukisafiri, masafa uliyoyaacha yakiwa matupu Kibaha unaweza kuyakuta yana kituo Morogoro, na hapo dereva anaanza kubonyezabonyeza namba huku basi la mkoani liko nyuma yake linawasha taa.

Lipo pia suala la majirani. Nchini Uingereza vifaa hivi vilikuwa haramu mpaka Desemba 2006, na viliporuhusiwa viliwekewa kikomo cha nguvu cha nanowati 50, kiasi kidogo mno ambacho hakipaswi kuvuka mbali na gari lenyewe. Vidude vya bei ya chini tunavyovinunua havijali kikomo hicho, ndiyo maana wengi tumeshakaa kwenye foleni ya Mwenge tukasikia ghafla kwaya ya gari la jirani ikiingia juu ya bongo fleva yetu. Siku hizi mimi nimeshazoea, na wakati mwingine kwaya huwa nzuri kuliko nilichokuwa nasikiliza.

Kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya modyuleta, mwenye gari atafute kwanza tundu lililoandikwa AUX. Ni tundu dogo la milimita 3.5, sawa na lile la spika za masikioni. Mara nyingine liko usoni mwa redio, lakini mara nyingi limefichwa ndani ya kisanduku kilicho mbele ya abiria au chini ya kiegemeo cha mkono kati ya viti. Nimeletewa magari ambayo wenyewe waliyaendesha muda mrefu na modyuleta bila kujua kwamba tundu hilo lipo. Waya wake huuzwa kwa bei ya sahani ya chipsi kuku, na sauti hupita humo moja kwa moja bila kuruka popote.

Lisipoonekana, safari haijaisha. Redio nyingi za Kijapani zenye kioo cha ramani na televisheni zina mlango wa kuingizia sauti na picha kwa nyuma, na kwenye kioo mlango huo huitwa VTR. Fundi anayeijua kazi yake hutafuta waya unaolingana na redio hiyo, wenye vichwa vitatu, wa njano ukiwa wa picha, mweupe na mwekundu ukiwa wa sauti ya kushoto na kulia, akaupitisha nyuma ya dashibodi mpaka karibu na dereva bila kukata waya hata mmoja wa gari. Kwa magari ya zamani yenye sehemu ya kanda, kuna kaseti ya bandia yenye mkia wa waya, ambayo kichwa chake cha sumaku hugusana na kichwa cha redio na kukipa sauti kana kwamba kanda inazunguka. Vijana huicheka, lakini kwa masikio yangu inaishinda modyuleta.

Kuhusu flashi nitasema machache. Redio za miaka ya nyuma husoma flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa kupangia mafaili uitwao FAT32, na kwa kawaida yenye GB 32 au pungufu haina usumbufu. Yenye GB 64 mara nyingi hutoka dukani ikiwa kwenye mfumo wa exFAT, na redio itaandika kwamba haioni kitu. Nyimbo ziwe za MP3. Bluetooth nayo ina mtego wake, kwani redio nyingi za Kijapani ziliwekewa Bluetooth ya kupokelea simu tu, si ya kupigia muziki. Ukiona simu imeunganishwa na mazungumzo yanasikika lakini wimbo unabaki kwenye simu, redio haijafa na hakuna cha kutengeneza. Na kwa wenye simu zisizo na tundu la spika za masikioni, mtindo ambao iPhone iliufuata kuanzia mwaka 2016, kinahitajika kiunganishi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji, na kijaribiwe na simu husika palepale dukani kwa sababu si kila kiunganishi hukubaliana na kila simu.

Jambo linaloniuma zaidi ni mlio. Mtu ameunganisha simu kwa waya wa AUX, na papo hapo ameichomeka kwenye chaji ya gari. Anasikia mlio mwembamba nyuma ya muziki, unaopanda anapokanyaga mafuta na kushuka anapoachia. Anakwenda gereji, anaambiwa alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, imekufa. Nimepokea gari ambalo alteneta ilikuwa imeshabadilishwa na mlio ukabaki vilevile. Sababu yake ni kwamba simu imeunganishwa na bodi ya gari kwa njia mbili, moja kupitia chaji na nyingine kupitia waya wa sauti, na kelele za umeme wa gari hutembea katika mzunguko huo hadi kwenye spika. Kipimo ni rahisi na hakigharimu kitu: chomoa chaji. Mlio ukikata papo hapo, acha alteneta ya watu. Nunua kichujio kidogo chenye transfoma mbili ndogo ndani, kifungwe kwenye waya wa AUX, ambacho hupitisha muziki na kukata ile njia ya pili ya umeme. Ikiwa badala ya mlio unasikia mchakacho wa kudumu, pandisha sauti ya simu ifike kama robo tatu au zaidi kidogo, kisha kiasi kilichobaki ukiongeze kwenye redio. Wengi hufanya kinyume, simu chini na redio juu, na redio inakuza mchakacho pamoja na wimbo.

Najua wenzangu wa gereji watasema ninawaharibia riziki, kwa kuwa kungʼoa redio ya Kijapani na kufunga kioo kipya chenye kila kitu kunalipa kuliko kuuza waya. Sipingi kufunga redio mpya pale mteja anapoitaka mwenyewe, na kwa anayetaka vituo vyetu vyote vya FM kwa ukamilifu ndiyo dawa ya kweli. Ninachopinga ni kumwambia mtu kwamba redio yake imekufa wakati haijafa. Hili hutokea sana kwa baadhi ya redio zenye ramani, ambazo hujifunga betri ya gari inapochomolewa na kudai namba ya siri au kadi ya ramani iliyotoka nayo Japani. Kadi hiyo mara nyingi imeshatolewa na kupotea kabla mnunuzi hajaliona gari.

Kwa hiyo ninawaomba wenye yadi za magari waandike katika matangazo yao, pamoja na mwaka na ukubwa wa injini, redio inakamata masafa gani, ina AUX au USB, na kadi ya ramani ipo au haipo. Wanaoagiza wenyewe wamtake muuzaji wa kule apige picha ya uso wa redio na ya ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Na anayekwenda yadi aende na simu yenye chaji, waya wa AUX na flashi yenye nyimbo mbili tatu za MP3, aombe ufunguo ugeuzwe, ajaribu kila tundu, ndipo aanze kuzungumza bei.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi redio za magari,
Tabata, Dar es Salaam