Vaa nguo ya kuvua

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Kampuni ya ndege imekuita kupimwa afya kabla ya kukuajiri urubani, nawe unaniuliza uvae suti ipi! Suti ilikuwa ya usaili, bibi, na usaili umeshaupita. Kwa daktari utavua na kuvaa toka saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Mimi nilikwenda na gauni jipya la kitenge, zipu mgongoni. Walipotaka kunipima moyo ikabidi nilivue lote, nikabaki na shuka lisilofika magotini, kiyoyozi kikinipuliza.

Vaa vipande viwili: blauzi ya vifungo mbele na suruali au sketi, baibui juu. Sidiria iwe haina waya wala chuma, kwa sababu ya eksirei ya kifua. Mkufu uache nyumbani, ushungi ufunge bila pini. Soksi ndefu za kubana usivae, maana nyaya za kipimo cha moyo hufika mpaka vifundoni. Na tafadhali, asubuhi hiyo usijipake mafuta ya nazi. Najua kwenu mtu hatoki bila kung'aa, lakini vile vibandiko havishiki. Vyangu vilibanduka mara tatu, nesi akaishia kunisugua kifua kwa spiriti kama anasugua sufuria. Tia kanga moja mkobani pia, utanishukuru.

Usije kwa boti ya asubuhi siku ile ile. Watakutaka uwe hujala tangu usiku kwa ajili ya damu, na kwa kusi hii, tumbo tupu juu ya mawimbi, utafika hoi. Njoo jana yake ulale kwangu. Maji kunywa, kahawa acha. Mimi niliinywa, nikapanda ngazi mbio, presha ikasoma 148 kwa 92. Nesi mtu mzima akaniambia, "Kaa hapo mwanangu, pumua." Baada ya dakika kumi ikawa 126 kwa 80. Ikikutokea, usianze kujieleza. Omba ukae kidogo, wapime tena.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni masikio. Miaka minne ya kurusha Caravan, vile vindege vidogo vya kelele, si mchezo. Utafungiwa kwenye kibanda na hedifoni, ubonyeze kitufe kila ukisikia mlio, hata ule mwembamba kama mbu wa chumba cha pili. Kanuni za kimataifa haziruhusu upungufu wa usikivu wa zaidi ya desibeli 35 kwenye milio ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya 50 kwenye hezi 3,000, kila sikio peke yake. Sikio lililotoka kwenye kelele huzubaa kwa muda hata kama ni zima. Kwa hiyo omba usipangiwe safari siku mbili kabla, na ile harusi ya Jumamosi, kaa mbali na spika za taarabu. Au usiende kabisa. Wifi yako atakusamehe.

Macho hayana maneno mengi: 6/9 kila jicho (yaani kwa mita sita usome kile ambacho jicho zima husoma kwa mita tisa), 6/6 yote mawili, miwani inaruhusiwa. Mkojo wa kupima ni ule wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho. Ukiwa kwenye siku zako waambie mapema, damu isije ikaandikwa kuwa ugonjwa. Dawa yoyote uliyokunywa, hata ya kikohozi, itaje, maana wanapima na dawa za kulevya.

Sasa fomu. Kutakuwa na swali la pumu, nami nakumbuka tulivyokuwa tukikukimbiza kwa nesi tukiwa darasa la tatu. Iandike. TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wamekupa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa hiyo kuruka unaruka. Kampuni inajiuliza swali jingine, kama ikulipie mafunzo kisha ikae nawe miaka. Pumu ya utotoni iliyokwisha, na ukapuliza kipimo cha mapafu kifua kikaonekana kizima, inazungumzika. Ukiificha halafu ikafumuka, hata leseni inaweza kukuponyoka. Mwombe daktari wako wa Mjini akuandikie barua, uje nayo.

Miwani yako ya akiba wataiulizia. Mara ya mwisho niliiona kwenye droo ya dada yako, chini ya vitambaa vya Idi. Ichukue leo.

Wako,
Rukia