Barua kwa mwanangu: biskuti za ngano isiyokobolewa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Nkuhungu, Dodoma. Sisi hatujambo, ila upepo wa kiangazi na vumbi lake ndio umeanza. Nimesoma ujumbe wako kwamba biskuti za ngano isiyokobolewa ulizowatengenezea watoto zilikuwa ngumu hata mjukuu wangu mdogo akazikataa, nawe unauliza kama kasoro ni ya unga au ya jiko. Kwa namna ulivyonieleza, naona jiko halina kosa, na unga pia hauna. Kilichoziharibu ni ule unga wa ziada uliouongeza baada ya kuona donge linanata.

Unga huu una pumba na kiini cha punje, vitu ambavyo katika unga mweupe huondolewa kinuni, na pumba hunywa maji polepole sana. Donge likiwa bichi hunata mikononi, na mtu aliyezoea maandazi hukimbilia kuongeza unga. Lakini ukiliacha limefunikwa kwa dakika 30 pumba hushiba, na kunata kunakwisha penyewe. Wewe uliongeza unga kwanza, kisha pumba zikanywa unyevu wote uliobaki, ndiyo maana ukapata vigae badala ya biskuti.

Kwa hiyo chukua gramu 250 za unga, gramu 80 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda na chumvi kidogo, uchanganye vikiwa vikavu. Tia mililita 80 za mafuta ya alizeti, usugue kwa ncha za vidole mpaka unga wote uonje mafuta, kwa kuwa mafuta yakitangulia maji huzuia unga usivutike kama wa chapati. Baadaye ongeza maziwa, vijiko vinne au vitano vya chakula, ukikusanya donge tu bila kulikanda kwa nguvu. Siagi, gramu 100, hutoa biskuti laini zaidi, lakini mimi napenda alizeti yetu ya Singida na Dodoma, ile iliyokamuliwa karibuni, kwa sababu ladha yake inakubaliana na ngano. Iliki ukiwa nayo tia. Vanila sioni inaongeza nini hapa.

Donge likishapumzika, lisukume liwe na unene wa nusu sentimita, ukate kwa mdomo wa glasi, na utoboe kila biskuti kwa uma ili mvuke upate njia na uso usivimbe. Katika oveni nyuzi 180 zinatosha, kwa dakika 12 hadi 15. Kama gesi imekwisha, tumia sufuria yenye mchanga mkavu chini, uweke sahani ya bati juu ya mchanga, kisha upalie makaa machache juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe hafifu kuliko wa juu, maana kitako ndicho huungua kwanza. Usisubiri zigeuke rangi sana, kwa kuwa unga wenyewe ni wa kahawia na macho yatakudanganya. Ziepue kingo zikiwa zimekaza na katikati pakibonyea kidogo, kwani hukauka zaidi zikipoa.

Huku kwetu hewa ni kavu, biskuti hukaa muda mrefu bila kulegea. Huko Dar es Salaam unyevu wa bahari utazilainisha upesi, kwa hiyo zipoe kabisa kabla ya kuzitia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na zikilegea zirudishe motoni dakika tano. Unga nao usiununue mwingi, kwani mafuta ya kile kiini huchacha katika joto. Ukinusa ukakuta harufu ya uchungu, usiupikie watoto.

Nimepeleka ngano mashineni, nikasimama hapo hapo mpaka wakasaga kwanza kibaba cha kusafishia uwele wa mtu aliyetangulia, ambacho nimewapa kuku. Kilo mbili nitakutumia kwa basi la Jumamosi asubuhi, pamoja na chupa ya alizeti; namba ya basi nitakupigia simu nikutajie likishaondoka stendi ya Nanenane.

Wasalimie watoto na baba yao.

Mimi mama yako.