Wahadhiri waandaliwe kabla ya kufundisha kampasi mbili kwa pamoja

Ndugu Mhariri,

Chuo kinachotaka mhadhiri aliyeko Mbeya afundishe kwa wakati huohuo darasa la Sumbawanga kupitia mtandao kisidhani kwamba kamera na projekta zinatosha. Mhadhiri mwenyewe aandaliwe.

Kinachoharibu kipindi mara nyingi ni sauti, si picha. Avae kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Akikiacha mezani na kuanza kutembea, wa mbali huambulia mwangwi, na mvua ikipiga bati hawasikii kitu kabisa. Kampasi inayopokea izime kipaza sauti chake mpaka wakati wa maswali, la sivyo sauti ya spika huingia tena na kupiga mluzi. Swali la mwanafunzi aliye mbele yake alirudie ndipo ajibu. Mhadhiri naye akiuliza, asubiri sekunde 10 hivi: sauti huchelewa njiani, na wa mbali hawajawasha kipaza sauti. Wengi hukatiza hapo, kisha wanalaumu wanafunzi kuwa wazito!

Slaidi zitumwe siku moja kabla. UPS, yaani betri ya akiba umeme unapokatika, ilinde ruta (kifaa cha intaneti) pia, si kompyuta peke yake. Kila kampasi iwe na msaidizi anayepatikana kwa simu.

Zaidi ya yote, kila mhadhiri akae kipindi kizima kwenye kiti cha nyuma cha kampasi inayopokea, mwenzake akifundisha. Saa hizo zihesabiwe kuwa kazi.

Mdau wa elimu,
Mbeya