Ada ya kufungua kampuni Marekani si gharama yote

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonigharimu fedha, na ambalo naona wenzangu wanaendelea kuliingia bila kulijua. Nazungumzia watu wanaoishi nje ya Marekani wanaofungua huko kampuni ya dhima yenye ukomo, yaani ambayo kwa kawaida madeni yake hayamfuati mmiliki binafsi, ile inayofahamika zaidi kwa herufi LLC.

Matangazo yanayotuita kufungua kampuni hizo hutaja kiasi kimoja tu, nacho ni ada ya kuwasilisha hati ya kuanzisha kampuni. Kiasi hicho ni cha kweli na si kikubwa: Delaware hutoza dola 110, Wyoming dola 100 na New Mexico dola 50. Majimbo hayo hayamtaki mwanzilishi awe raia wala mkazi, ilimradi awe na wakala mwenye anwani ndani ya jimbo wa kumpokelea nyaraka. Ila ada hiyo hulipwa mara moja, ilhali wakala hulipwa kila mwaka, na majimbo mengi nayo yana madai yao ya kila mwaka.

Mimi nilifungua yangu Delaware kwa sababu jina la jimbo hilo ndilo nililokuwa nikilisikia zaidi. Biashara niliyoikusudia haikuanza, nami nikaamini kwamba kampuni isiyouza kitu haidaiwi kitu. Nilikosea. Delaware huitoza kila LLC kodi ya mwaka ya dola 300, inayotakiwa kulipwa ifikapo Juni 1, bila kujali kama kampuni imepata faida, imepata hasara au haikufanya lolote. Anayechelewa huongezewa faini ya dola 200, na deni hilo huzaa riba ya asilimia 1.5 kila mwezi. Taarifa ya kukumbushia hupelekwa kwa wakala, na wakala wangu, aliyepokea fedha zangu kwa haraka siku ya usajili, hakuwahi kunitajia tarehe hiyo. Nilipoamua kuifunga kampuni, ndipo nilipojifunza kwamba jimbo halipokei hati ya kuifuta mpaka kodi zote zilizolimbikizwa zilipwe. Nililipa kwa ajili ya kampuni ambayo haijawahi kutoa hata ankara moja.

Anayetaka kuchagua jimbo, basi, alinganishe gharama za mwaka wa pili na wa tatu. Wyoming, jimbo la kwanza nchini humo kutunga sheria ya LLC, mwaka 1977, hutoza kwa mwaka dola 60 kwa kampuni isiyo na mali nyingi ndani ya jimbo. New Mexico haiidai LLC ripoti ya mwaka. Nevada husifiwa kwa kutokuwa na kodi ya mapato, lakini kuanza tu, ukijumlisha hati, orodha ya wasimamizi na leseni ya biashara, ni dola 425, na kila mwaka unaofuata ni dola 350. Florida hudai dola 138.75 kwa ripoti ya mwaka, na atakayepitisha Mei 1 huongezewa dola 400, yaani karibu mara tatu ya ada yenyewe. New York ina sharti ambalo wasomaji wa gazeti wataliona la pekee: ndani ya siku 120 tangu kuanzishwa, kampuni mpya lazima itangazwe katika magazeti mawili kwa wiki sita mfululizo, na mjini New York gharama ya matangazo hayo mara nyingi huizidi ada ya usajili, ambayo ni dola 200.

Lakini kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni imani kwamba kuchagua jimbo la bei nafuu kunamwepusha mtu na kodi za majimbo mengine. Jimbo hudai kodi kwa sababu shughuli zinafanyika ndani yake, hata kama cheti cha kampuni kilitolewa kwingine. Mtu aliyesajili kampuni Wyoming, kisha akaajiri msimamizi anayeiendesha kutoka California, anatakiwa kuisajili tena huko kama kampuni ya kutoka nje ya jimbo, na kulipa kodi ya kima cha chini inayotozwa na California, ambayo ni dola 800 kwa mwaka, hata kama hakupata faida. Mapato yakifikia dola 250,000, huongezwa ada nyingine inayoanzia dola 900 na kupanda hadi dola 11,790. Vilevile, tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu katika shauri la South Dakota dhidi ya Wayfair mwaka 2018, jimbo linaweza kumtaka muuzaji akusanye kodi ya mauzo kwa wateja walioko humo hata kama hana duka wala ofisi huko. Anayeuza bidhaa kwa intaneti asiliachie wakala wa usajili suala hili.

Juu ya hayo yote kuna serikali kuu. Ni kweli kwamba mgeni anayefanya kazi yake yote nje ya Marekani mara nyingi hadaiwi kodi ya mapato ya huko kupitia LLC yake. Hata hivyo, tangu mwaka wa kodi wa 2017, LLC inayomilikiwa na mgeni mmoja inapaswa kuwasilisha kwa mamlaka ya kodi ya serikali hiyo Fomu 5472, ya kueleza miamala kati ya kampuni na mmiliki wake, pamoja na Fomu 1120, ya taarifa ya kodi ya kampuni, kila mwaka inapokuwa na miamala hiyo, na hata fedha alizotoa mfukoni kuianzisha kampuni huhesabiwa. Adhabu ya kutowasilisha ni dola 25,000. Mtu aliyevutwa na ada ya dola 50 anastahili kuambiwa habari ya adhabu hiyo kabla ya kutoa senti, wala si haki aipate kwa barua miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo namwomba Mhariri jambo moja. Gazeti linapopokea tangazo la kuwafungulia watu kampuni Marekani, limtake mwenye tangazo aandike, kwa maandishi yenye ukubwa uleule wa ada ya kuanzia, kodi ya mwaka ya jimbo husika, tarehe ya mwisho ya kuilipa, malipo ya wakala kuanzia mwaka wa pili, na wajibu wa Fomu 5472.

Wako,
Msomaji wako wa siku nyingi