Mwanafunzi wa udaktari naye apangiwe muda wa kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolishuhudia kwa miaka mingi nikiwa muuguzi wa wodi katika hospitali moja ya kufundishia, nalo ni namna wanafunzi wa udaktari wanavyolala na wanavyokula katika miaka mitano ya masomo yao.

Miaka ya mwanzo, wanaposoma anatomia na fiziolojia, hukesha kwa hofu ya mitihani. Wakishaanza kuingia wodini, kukesha huwa sehemu ya ratiba. Mwanafunzi hukaa zamu usiku akipokea wagonjwa na kuandika historia zao, kisha asubuhi anatakiwa kumweleza daktari bingwa habari za mgonjwa huyo kwenye raundi, na raundi ikiisha anasubiriwa kliniki au darasani. Nilimwona mmoja akisinzia wima, faili mkononi. Alipoulizwa kiwango cha potasiamu cha mgonjwa wake akataja namba ya kitanda. Wenzake walicheka, nami nikacheka, jambo ambalo hata leo linanisuta, kwani muda mfupi baadaye kijana huyo huyo alikuwa ameshika sindano akitoa damu.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mwalimu ambaye angemruhusu mwanafunzi aliyelewa kumgusa mgonjwa.

Kuhusu chakula sina mengi. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia ni chipsi mayai na vinywaji vya kuongeza nguvu. Likiisha ni chai na maandazi hadi jioni. Mwanafunzi wa namna hiyo ndiye anayemshauri mgonjwa wa kisukari ale kwa mpangilio na afanye mazoezi yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza.

Linaloniumiza zaidi ni ukimya wao. Anayezidiwa na msongo haendi kuomba msaada, kwa kuwa mara nyingi mshauri aliyepangiwa ni mhadhiri yule yule atakayemsahihishia mtihani, na neno moja la udhaifu anaona litamletea sapu (mtihani wa marudio) au hata kudisko (kuondolewa chuoni). Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 43, uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2016, ulikuta dalili za sonona kwa takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari.

Najua jibu la madaktari wetu wakongwe: "Sisi nasi tulipita humo humo." Ni kweli, na ninawaheshimu. Lakini wodi za sasa zina wanafunzi wengi kuliko zilivyokuwa nikianza kazi, kwa hiyo kuwapangia zamu za kupokezana kunawezekana kuliko zamani. Sisi wauguzi tulikuwa tukishakabidhi ripoti ya usiku tunakwenda nyumbani kulala, wala hakuna aliyetuita wavivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, ila mwanafunzi si mwajiriwa, hivyo sheria hiyo haimfikii. Chama cha Madaktari Duniani nacho, kilipokutana Chicago mwaka 2017, kiliongeza katika kiapo cha madaktari kiitwacho kiapo cha Geneva ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kumhudumia mgonjwa ipasavyo. Itakuwa ajabu kumwapisha kijana kwa maneno hayo baada ya kumfundisha kinyume chake miaka mitano.

Ombi langu kwa vyuo si kubwa. Aliyekesha zamu akabidhi wagonjwa wake asubuhi na aruhusiwe kwenda kulala bila kuhesabiwa mtoro. Karibu na wodi kiwepo chumba chenye vitanda vichache na chandarua, na kantini iuze wali na maharage hadi saa nne usiku. Mshauri wa wanafunzi awe mtu asiyehusika na alama zao. Haya ya vitanda na kantini mganga mfawidhi na mkuu wa kitivo wanaweza kuyamaliza katika kikao kimoja, bila kusubiri bajeti ya wizara.

Muuguzi Mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam