Mheshimiwa Mwenyekiti, liondoe swali la saba

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa kamati iliyopewa kazi ya kupendekeza umri wa mtoto kuingia kwenye mitandao ya kijamii

Yah: Dodoso lililosambazwa shuleni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwanza tunakupongeza kwa kasi. Kamati ilipoanza kazi uliahidi kwamba dodoso litapitiwa na wataalamu wa vipimo na kujaribiwa kwa kundi dogo kabla ya kufika shuleni. Wiki hii limefika shuleni. Sisi tumelisoma baada ya wanafunzi kulijaza, ambayo bila shaka ni aina mpya ya mapitio.

Tuanze na swali la saba, maana ndilo litakalobeba ripoti yako nzima: "Kwa kawaida unatumia saa ngapi kwa siku kwenye mitandao ya kijamii?" Majibu ni manne: chini ya saa 1, saa 1 hadi 2, saa 3 hadi 4, zaidi ya saa 4. Anayetumia saa mbili na nusu aweke tiki wapi? Kosa hilo lingeonekana siku ya kwanza ya majaribio. Yale uliyoahidi.

Lakini hata majibu yakipangwa upya, swali lenyewe halifai. Mwaka 2021 Douglas Parry wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, pamoja na wenzake, walikusanya tafiti zilizolinganisha muda ambao watu hudai wanautumia na ule uliorekodiwa na vifaa vyenyewe. Uhusiano kati ya viwili hivyo ulikuwa takriban 0.38, ambapo 1 ni kwenda sambamba kabisa. Watu hawasemi uongo. Mtu anayeshika simu mara nyingi kwa dakika mbilimbili hana namna ya kujumlisha kichwani.

Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu wakati wa muhula, halafu Juni na Desemba anashinda nayo kutwa. "Kwa kawaida" kwake ni lini? Wa kutwa anatumia simu ya mama jioni, pamoja na wadogo zake wawili. Na dodoso limejazwa darasani, mwalimu wa nidhamu akipita katikati ya madawati, katika shule ambayo kukutwa na simu ni viboko au barua ya kumwita mzazi. Mheshimiwa, ungekuwa wewe ungejaza nini?

Kisha linafuata swali la nane: "Je, mitandao ya kijamii imekusababishia msongo wa mawazo?" Hapo jibu limeshawekwa mdomoni. Hali ya mtoto huulizwa kwanza, kwa maswali yasiyotaja simu kabisa (usingizi, hamu ya kula, marafiki, masomo), na matumizi huulizwa mbali baadaye.

Tunasikia minong'ono kwamba tunawatetea wenye kampuni za mitandao. Hapana. Kipimo kibovu hakikuzi madhara tu, huweza kuyaficha pia: makosa yakiwa mengi, uhusiano wa kweli unafifia mpaka unaonekana haupo. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta teknolojia ya kidijitali inaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wapo wanaosema madhara ni madogo kweli, wapo wanaosema vipimo vya kujikadiria ndivyo vilivyoyameza. Ubishi huo haujaisha, na wewe unataka kuumaliza kwa tiki nne.

Njia zipo, na si za anasa. Kwa mwenye simu ya Android, mipangilio ina sehemu inayoonyesha muda wa kila programu. Mtoto akiwa nyumbani, kwa idhini ya mzazi, apige picha ya skrini kila mwisho wa wiki, kwa wiki nne, mbili za muhula na mbili za likizo. Isisubiriwe mwezi uishe, kwa sababu kumbukumbu za siku za nyuma hufutika. Simu nyingine za bei nafuu hazina sehemu hiyo, kwa hiyo ziorodheshwe mapema, si kugundua katikati ya kazi. Tena simu huhesabu kifaa, haihesabu mtu: lazima kuwe na daftari dogo la kuandika nani aliishika na saa ngapi. Kwa TikTok, mtumiaji anaweza kuomba faili la taarifa zake, ambalo huonyesha tarehe, saa na kiungo cha kila video aliyotazama. Muda wa kila video haumo. Hukadiriwa kwa pengo kati ya video moja na inayofuata. Ujumbe wa faragha ufutwe kwenye faili kabla halijakabidhiwa, na bando la kupakua alipe mtafiti. Kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwenye dodoso lako hatukuona nafasi ya saini ya mzazi.

Mbona mambo yameenda hivi? Tunahisi ni fedha zilizotakiwa ziishe kabla ya Juni 30. Labda pia ni haraka ya kuifuata Australia, ambayo tangu Desemba 10, 2025 imezuia akaunti za walio chini ya miaka 16.

Na sisi watafiti tutumie taarifa zipi badala ya dodoso? Twitter (sasa X) ilifunga mwaka 2023 mlango wa bure ambao watafiti waliutumia kupata taarifa zake. Meta, wenye Facebook na Instagram, wakaizima CrowdTangle, zana ya kufuatilia machapisho ya wazi kwenye mitandao yao, Agosti 14, 2024. TikTok ilipofungulia watafiti taarifa zake ilianza na Marekani, ikafuata Ulaya. Ulaya wana sheria inayozilazimisha kampuni kubwa kutoa taarifa kwa watafiti. Sisi tunaandika barua pepe zisizojibiwa, na wanafunzi wetu wa uzamili wanabadilisha mada katikati ya safari. Kamati yako ingeweza kupendekeza kifungu kimoja tu cha namna hiyo. Tuliliomba hilo kwa maandishi. Ukasema limepokelewa.

Basi hilo liache likae lilipokaa. Leo tunaomba kimoja: majibu ya swali la saba yasiingizwe kwenye kompyuta, na yasitajwe kwenye ripoti hata kwa tanbihi. Karatasi zingine zibaki, fedha zilizotumika zimetumika. Swali la saba, Mheshimiwa, liondolewe kabla ripoti haijafika mezani kwa wabunge.

Wako,
Walimu na watafiti wa mawasiliano