Kwa mdogo wangu uliyeandika "makosa ya kikasisi"

Mdogo wangu,

Jana mama kaniambia huli vizuri tangu ile ripoti irudishwe, nikaona nikuandikie hapa hapa hadharani maana hata wengine wanaotafsiri wanakutana na hili hili. Picha uliyonitumia nimeiona, "malipo yalichelewa kutokana na makosa ya kikasisi", bosi kaizungushia kalamu nyekundu mara mbili na pembeni kaandika "mapadri wameingiaje hapa?" Najua imekuuma.

Ila neno lenyewe la Kiingereza ulilokuwa unatafsiri, clerical, ndo lina mambo. Waingereza wanalitumia kwa yote mawili, ya wachungaji na ya makarani wa ofisini. Mzizi wake Kigiriki, kleros, yaani kura, kama ile ya Matendo ya Mitume sura ya 1 iliyomwangukia Mathiya akashika nafasi ya Yuda, na pia ni fungu la urithi, Kilatini wakapata clericus, mtu wa kanisa, ndo hao Wakatoliki wetu mpaka leo wanawaita wakleri. Sasa Ulaya ya zamani aliyejua kusoma na kuandika mara nyingi alikuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo mfalme akitaka barua, hesabu, hati ya shamba, anaitwa huyo huyo, mpaka kazi yenyewe ikachukua jina lake. Uingereza ilifika mahali mtu ana kesi ya kunyongwa anaomba ahesabiwe ni wa kanisa, anapewa Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu", akiweza kuisoma anaponea kitanzi! Utaratibu huo umekuja kufutwa 1827.

Sisi hatukupita huko. Padri tumelipata kwa Wareno, kasisi na shemasi kwa Waarabu, karani kwa Wahindi, kila neno lilishuka na chombo chake, ndo maana kwetu karani wa sensa na padri wa parokia hawana neno la kuwakutanisha. Hapo ndo uliteleza, kamusi imekupa maana ya kwanza ukaibeba.

Weka "makosa ya kiuandishi", au kama ni tarakimu sema tu "tarakimu zilikosewa wakati wa kuandika". Ipeleke kesho asubuhi. Na ule, mama kakuachia wali maharage kwenye hotipoti.

Dada yako